Sifa za Mshenga wa Kijivu

Dhahabu ina watu wake wa kuisifu, na marashi yana wake. Leo namsimamia asiye na wa kumsimamia: ule uji mzito wa kijivu unaokaa kati ya prosesa ya kompyuta na hitisinki, kile kichana cha chuma chenye feni mgongoni. Mafundi wa Kariakoo humwita pesti tu, na humkamua kutoka kwenye kibomba cha sindano kisicho na sindano. Nasema ni mtukufu, na nina ushahidi.

Kwanza, ni mwaminifu. Mguse mara moja, hakuachi. Anaanzia kidoleni, anahamia kwenye simu, simu inampeleka sikioni. Ijumaa moja nilijidai kumbadilisha nikiwa nimeshavaa kanzu nyeupe, eti kazi ya dakika tano. Nilifika msikitini nimekunja mkono wa kulia hadi kiwikoni kuficha doa. Muadhini hajakimu bado, jirani yangu akaninong'oneza: "Sheikh, una masizi sikioni." Ni ndugu yupi mwingine angenisindikiza mpaka safu ya kwanza?

Pili, hana makuu. Wengine wa ukoo wake wametiwa unga wa fedha, lakini nduguye wa kawaida, mweupe, ni mafuta ya silikoni yaliyokorogwa na oksidi ya zinki, unga uleule ulio kwenye marhamu ya mtoto aliyechubuliwa na nepi. Toka huko, akapewa kazi ya kulinda akili ya mashine.

Na kazi yenyewe ni ya ushenga. Uso wa prosesa unang'aa, uso wa hitisinki unang'aa, na kila upande unaapa kwamba wao ni watu wanyoofu. Ukiwachunguza kwa karibu sana, wote wana milima na mabonde. Ukiwakutanisha hivihivi watagusana vileleni tu, na mabondeni atajaa hewa, ambaye katika kupitisha joto ni mvivu kupindukia: shaba humzidi zaidi ya mara 10,000. Hapo ndipo mshenga anapoingia, anamtoa hewa mabondeni, anakaa mwenyewe, na maneno yanaanza kupita. Wala si kwamba yeye ni hodari. Shaba humpita naye kwa makumi ya mara. Sifa yake yote ni kumshinda yule aliyekuwa amekaa pale kabla yake, na wapo waliopata uongozi kwa sifa hiyohiyo.

Asipokuwepo ndipo utamjua. Prosesa ya kawaida ya mezani hutoa wati 65 hivi, joto la balbu ile ya zamani, kwenye eneo lisilofika upana wa kiberiti. Likikosa njia, linapanda kuelekea nyuzi 100. Feni inavuma kama mashine ya kusaga, kompyuta inajipunguzia mwendo, kisha inazima katikati ya barua ambayo hukuihifadhi. Nyumbani tutalaumu virusi, tutalaumu umeme, tutamlaumu mtoto na magemu yake. Mshenga aliyekauka hakuna anayemtaja.

Tatu, ametupa elimu ya kiasi. Hapa haba na haba haijazi kibaba, inaharibu shughuli. Kinachotakiwa ni tone la ukubwa wa njegere. Kuna wanaochora msalaba, kuna wanaovuta mstari, kuna wanaosambaza kwa kadi ya plastiki, na kila fundi anawaona wenzake wamepotoka. Mara ya kwanza mimi nilimpaka kama siagi kwenye mkate wa futari. Nilipokaza skrubu alitoka pande zote nne, akatambaa kwenye ubao. Aliyebaki katikati akiwa mnene hugeuka blanketi. Mshenga akizidisha maneno, ndoa inakuwa yake.

Nne, anajua kushikilia. Siku nyingine niliing'oa hitisinki ikiwa baridi, kwa nguvu, moja kwa moja juu. Ilikuja na prosesa imening'inia chini yake, vijiti vimepinda kama meno ya kitana cha zamani. Nilikaa hadi usiku nikivinyoosha kimoja kimoja kwa ncha ya wembe, nimevaa miwani ya bibi. Alikuwa ananifundisha adabu: washa mashine kwanza apate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki taratibu kabla ya kuinua. Hata kuaga kuna utaratibu wake.

Miaka ikipita anakauka, anakuwa kama chokaa ya ukuta wa zamani. Fundi anamfuta kwa spiriti na kitambaa, anatia mwingine, anafunga. Mwezi uliopita niliomba risiti, akaniandikia: kupuliza vumbi, kubadilisha feni, ufundi. Nikauliza, na pesti je?

"Ah, huyo wa nini kumwandika, mzee wangu? Hata haonekani."

Kweli, kwenye picha ya harusi mshenga huwa hayupo. Jina la huyu halijaandikwa popote, ila kwenye mkono wa kulia wa kanzu yangu, ambako nimefua mara tatu na bado anasomeka.