Sifa za Wajuzi wa Tokyo

Ni wajibu wetu kuwatukuza mashabiki wa ndondi, ambao idadi yao huongezeka kila mwaka, waliojua kwa yakini, kabla ya tarehe 11 Februari 1990, kwamba James "Buster" Douglas angemwangusha Mike Tyson mjini Tokyo katika raundi ya kumi. Wanajimu wa kale walitangaza kupatwa kwa jua kabla halijapatwa, wakajitia katika hatari ya kuumbuka. Hawa, kwa adabu iliyo bora zaidi, waliihifadhi siri yao hata Tyson, ambaye hakuwa amepata kushindwa katika mapigano 37, alipoonekana akitambaa ulingoni akiitafuta kinga yake ya meno. Na tuutazame ukarimu wao: kasino ya Mirage huko Las Vegas ilikuwa radhi kumlipa aliyemwamini Douglas dola 42 kwa kila dola moja, nao, kwa kuihurumia hazina ya watu, wakajizuia. Hatim Tai, Mwarabu wa kale aliyesifika kwa ukarimu, aliwachinjia wageni farasi wake. Hawa waliusamehe utajiri mzima. Hata Douglas alipoangushwa katika raundi ya nane, nyoyo zao, kwa ushahidi wao wenyewe, hazikutetereka. Mwenyezi Mungu azihifadhi kumbukumbu zao, ambazo kila zikizeeka ndivyo zinavyozidi usahihi.