Baiskeli ya Kaboni na Mikungu ya Ndizi

Baba mdogo aliingia kwetu Kisiba na baiskeli ya mtumba ambayo mama mdogo aliinyanyua kwa mkono mmoja, mwiko ukiwa mkono wa pili. "Na hii ndiyo ya kubebea ndizi?"

Sisi tumezoea Phoenix za chuma, zinazosukumwa hadi sokoni Tukuyu na mikungu nyuma. Hii ilikuwa ya kaboni: nyuzi nyembamba zilizoshikwa na gundi ngumu, zikapangwa kubeba mwendeshaji, si mzigo wake.

Karia haikuwepo. Baba mdogo akatoboa fremu kwa drili apate pa kukazia bolti za karia. Chuma hulivumilia tundu; kaboni ukiitoboa umezikata nyuzi zinazobeba uzito. Mikungu ya kwanza tu, tundu likaota ufa. Fundi wa kuchomelea aliitazama, akazima mashine: kitu hiki hakiyeyuki kikaungana, ukikipasha moto gundi yake inaungua.

Ndipo jiko likageuka gereji. Kwa fundi bodi, baba mdogo alipata faiba ya kuzibia bampa, gundi yake na dawa ya kuikausha. Akapiga msasa palepale penye mafiga. Vumbi jeusi likatua kwenye maziwa, watoto wakalala wakijikuna. Mama mdogo akamfungia kitambaa puani, akamsukuma barazani.

Mvua ilikuwa inanyesha, na gundi hii kwenye baridi huchelewa kushika. Baba mdogo akaongeza dawa kwa kukisia. Gundi ikapata joto yenyewe, ikafuka moshi, kikombe cha plastiki kikalegea na kumwaga kila kitu juu ya mkeka mpya. Mkeka huo hadi leo hauviringiki.

Mara ya pili dawa ilipimwa na mama mdogo, kwa kizibo cha soda. Faiba ikazungushwa tabaka juu ya tabaka, mshazari huku na mshazari kule, ikabanwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, ikaachwa karibu na moto hadi ikawa ngumu kama jiwe.

Lakini chuma hupinda kwanza. Kaboni hukatika bila kuaga. Na kutoka Tukuyu hadi ziwa letu la Kisiba ni mteremko wa zaidi ya mita 600. Mama mdogo akapitisha sheria: kupanda, ruksa, kushuka, ikokote. Wenye Phoenix wanaporudi sokoni humpita mteremkoni wakipiga kengele na kumpa pole. Naye huwauliza, asubuhi mlimani nani alimpita nani?