Utenzi wa Kigoda cha Mninga

Paliondokea baraza la wanyama katika tambarare ya Mkata, baina ya milima ya Kilosa na mbuga ya Mikumi, na mfalme wao alikuwa Tembo, mzito wa mwili, mwepesi wa kughafilika.

Siku moja Panya Buku aliwasili mbio, matope hadi masikioni, akapiga magoti na kusema, "Ewe mfalme, tuta la Mkondoa limetoboka, na masika yamekaribia." Mkondoa si mto wa mzaha, mwanzoni mwa 2010 mafuriko yake yaliikata Reli ya Kati huko Kilosa. Lakini Panya Buku aliambiwa angoje, kwa kuwa baraza lilikuwa na jambo zito: kigoda kimoja cha mninga chini ya mbuyu, ambacho Ngiri alikidai kwa heshima ya mkia wake usimamao akimbiapo, na Kanga kwa wingi wa madoa yake. Wakaitwa mashahidi, wakatajwa mababu, zikaundwa kamati mbili na ya tatu ya kuzipatanisha. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa, na kigoda kingali kitupu.

Ndipo Chiriku akaomba ruhusa ya kutunga. Hakutukana, hakucheka. Aliagiza wino na karatasi kama wafanyavyo watunzi wa tenzi, akamhimidi Mola, kisha akaingia vitani kwa mishororo ya mizani nane nane: mkia wa Ngiri ukawa bendera, kila unyoya wa Kanga ukawa mkuki, na vumbi la wagombea likaifunika milima ya Uluguru. Kwa umbo hilo hilo Bwana Mwengo wa Pate alitunga, mwaka 1728, Utendi wa Tambuka, habari za dola kupambana. Jahazi lililozoea kubeba dola likipakizwa kigoda, mwenye macho huona jinsi lilivyo tupu. Nami sijapata kusikia karipio lenye adabu na makali kuliko hilo.

Ngiri alifurahi mno, akaomba ubeti wa mkia urudiwe. Kanga alitokwa machozi ya fahari. Lakini katikati ya sifa Chiriku alikuwa ametia ubeti mmoja usio na pambo, wa tuta na tundu lake, na kule nyuma, walikoketi fuko, nungunungu na sungura ambao kigoda hakijawahi kuwahusu, ubeti huo ndio ulioshikwa. Wakanong'onezana, wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata Panya Buku kwenda kuziba tuta, ilhali chini ya mbuyu Tembo alikwisha kuuliza ni nani mwenye haki ya kuketi karibu zaidi na mtunzi.