Ukitaka Kupandikiza Uvimbe, Usianzie na Panya wa Gunia

Kwanza kabisa, mwache panya wa soko la nafaka la Kibaigwa aendelee na mahindi yake. Najua anakutia tamaa: soko limefurika, na kila ukisogeza gunia wanachomoka watatu. Lakini panya hao ni kama shehena ya lori lililokusanya mahindi kutoka Kongwa hadi Kiteto, kila gunia na shamba lake. Mpandikize mmoja uvimbe wa saratani wa mwenzake, na huenda baada ya siku chache utanywea na kupotea. Usikimbilie redioni kutangaza chanjo! Mwili umemfukuza mgeni tu. Saratani yenyewe hujaijaribu.

Wataalamu wa Ulaya walijikwaa hapo hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1937, Peter Gorer wa London alieleza kwamba damu ya panya waliokataa uvimbe ina kingamwili zinazong'ang'ania hata chembe nyekundu za damu za ukoo ulikotoka uvimbe huo, chembe zisizo na saratani kabisa.

Kwa hiyo tafuta panya wa ukoo mmoja, kaka akizaa na dada vizazi 20 mfululizo, hadi wafanane kama mapacha. Clarence Cook Little alianza kazi hiyo Marekani mwaka 1909.

Kisha kamwangalie mnunuzi sokoni. Anachoma bambo ubavuni mwa gunia, mahindi yanateremka kiganjani, anayapuliza, anang'ata punje asikie kama imekauka. Halafu anachoma na gunia la pili, alinganishe. Nawe ukitoa matone ya damu ya panya uliyempandikiza ili utafute kingamwili, toa na ya nduguye ambaye hukumgusa. Usipofanya hivyo umemtesa kiumbe bure, na hilo mimi siliwezi.

Mwaka 1966, George Klein na wenzake, akiwamo Peter Clifford wa Nairobi, walichapisha utafiti wa namna hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya Burkitt: kingamwili zao zilitiwa rangi ing'aayo, zionekane zikigandamana na seli hai za uvimbe.

Ukizikuta tele, ngoja kwanza kushangilia. Miaka ya 1950, Nathan Kaliss wa Bar Harbor, Marekani, aliwachoma panya kingamwili dhidi ya uvimbe waliopandikizwa. Uvimbe ambao wangeukataa ukanawiri hadi ukawaua. Basi ukishapima damu, chukua rula upime na uvimbe.