Zizi la Farasi 220

Gari nililonunua Mugumu lilikuwa na mpangaji. Kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai kwenye siti ya nyuma, na mama mwenye uwanja akasema wazi: pesa umelipa, mwalimu, hatukatai, lakini gari haliondoki hapa mpaka kuku aangue. Siku ishirini na moja. Marejesho ya kwanza ya mkopo yalikatwa kwenye mshahara wangu kabla sijafungua hata boneti.

Lilikuwa Subaru Forester la mwaka 2004, namba B, lenye turbo. Mwenyewe alihamishwa kikazi akaliacha chini ya mwarobaini miaka minne. Tairi zilikuwa zimelala, panya wamekula nyaya, na kwenye mfereji wa kioo cha mbele ulikuwa umeota mchicha uliostawi kuliko wa bustani ya shule yetu. Mtu mwenye akili zake angechukua zile milioni tatu za mkopo akanunua pikipiki, akampa kijana, akasubiri hesabu ya jioni. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa utotoni. Mwaka 1997 nilimsikia mtangazaji kwenye redio ya mjomba akisema Colin McRae ameshinda Safari Rally, hapo ng'ambo Kenya, kwa Subaru Impreza. Miaka mitatu baadaye Richard Burns akashinda tena kwa Subaru. Na mjomba, ambaye hakupenda sifa zote ziende kwa Wazungu, alinikumbusha kila mara kwamba mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliifikisha mwisho wa Safari Subaru Vivio, kigari cha sisi 660, yaani injini ya bodaboda tano zikiunganishwa. Mtoto akishasikia habari kama hizo, huwezi tena kumshauri mambo ya pikipiki.

Vifaranga tisa vilipotoka, trekta likanivutia gari hadi Nyansurura. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa zizi. Akainuka, akalizunguka mara mbili na fimbo yake nyuma ya mgongo, kama anavyofanya mnadani.

"Lina nguvu kiasi gani?"

"Farasi mia mbili na ishirini, baba."

Akalitazama tena. "Wako wapi?"

Nikajikuta nafundisha fizikia saa kumi na mbili jioni. Nikamweleza kuwa karne ya 18 alikuwepo Mskoti aitwaye James Watt, alikuwa anauza injini za mvuke kwa watu waliozoea kuzungushiwa vinu na farasi. Ili wanunue, akapiga hesabu ya kazi ya farasi mmoja, akawaambia mashine yangu hii ni sawa na farasi kadhaa. Kwa vipimo vya leo farasi mmoja ni wati 746 hivi.

"Kumbe alikuwa dalali," baba mkubwa akasema, na kwa kweli sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya hayo. Kisha akauliza maksai ni sawa na farasi wangapi. Nikajibu, kwa kiherehere cha ualimu, kwamba kwa kazi ya kutwa maksai hafiki farasi mmoja. Akarudi kwenye kigoda chake bila kuniaga.

Lakini hakusahau. Baba mkubwa hahesabu ng'ombe kwa kidole. Wakiingia zizini jioni yeye huinamisha kichwa, anasikiliza kwato, halafu anasema yule mweusi leo anachechemea mguu wa nyuma, na kweli ukienda na tochi unakuta mwiba. Tangu siku ile akaniwekea utaratibu huohuo. Kila jioni nikipita aliniuliza: "Farasi wamefika wangapi?" Miezi minne ya kwanza jibu lilikuwa moja. Hakuna.

Fundi wetu ni bingwa wa mashine za kusaga, matrekta na pikipiki. Alifungua boneti, akainama, akakaa kimya, halafu akageuka kama mtu aliyekuta maiti.

"Mwalimu, injini hii imelala."

Ni kweli imelala. Injini nyingi husimamisha pistoni zake wima. Hii huzilaza ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, zikirushiana ngumi. Ndiyo maana gari limetulia chini kwenye kona, na ndiyo maana plagi zake zimejificha mbavuni mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti. Fundi alichubuka vidole vyote, kisha akaajiri mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza mwenye mikono myembamba, kwa ujira wa soda na mandazi mawili kwa kila plagi. Niliona aibu kidogo. Mtoto aliona kazi zingine zote ni utani.

Tulipofungua nati ya sampo, oili haikutoka. Tukasubiri. Fundi akaingiza kijiti, ndipo ikaanza kushuka taratibu, nyeusi na nzito kama ugali wa wimbi. Ungeweza kufinya tonge. Hapo tukajua turbo nalo limekufa, na kwa nini. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa iingie kwa nguvu kwenye silinda, na hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma petroli nyingi. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili safi. Mpe ugali, atakabwa koo.

Turbo jingine la mtumba nililiagiza Kariakoo. Lilikuja kwa basi, ndani ya mfuko wa salufeti. Kondakta akaufungua, akautazama mviringo ule, akaniuliza kwa upole kama nimeagiza konokono. Baba mkubwa naye alilipima mkononi. "Laki sita," akasema, "kwa konokono asiye na nyama."

Siku lilipowaka, kijiji kizima kilikuwa uani. Nikazungusha ufunguo; kabla injini haijaguna, sauti ya kike ikatoka kwenye dashibodi ikisema Kijapani kirefu, laini, chenye adabu. Watoto wakakimbia. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa siti ya mbele kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkataza, akaitikia, "Ahsante mwanangu, hatujambo." Mpaka leo humwitikia. Wiki iliyopita aliniita pembeni akaniuliza kama yule msichana wa ndani huwa ninampa chakula.

Gari liliwaka, lakini farasi hawakuja. Ukikanyaga mafuta, linatoa mluzi, linatafakari, linakwenda mwendo wa arusi. Bodaboda yenye magunia mawili ya mahindi ilinipita mlimani, na dereva akapunguza ili anisalimie vizuri. Tukakagua plagi, tukakagua pampu. Jioni moja fundi aliwasha gari, baba mkubwa akasogea na fimbo, akainamisha kichwa kama afanyavyo zizini.

"Huku kuna tundu," akasema, akionyesha hozi nene inayotoka kwenye intakula. "Mnawaingiza kwa mlango wa mbele, wanatokea huku."

Fundi akapaka povu la sabuni. Likachemka mapovu papo hapo. Hozi ilikuwa na mpasuko mrefu kama kidole, na hewa yote ambayo konokono wa laki sita alikuwa akihangaika kuisukuma ilikuwa inakwenda kuburudisha betri. Spea ingechukua wiki. Mpwa wangu anayechunga akatoa manati mfukoni, akaitazama mara ya mwisho, akatupatia mpira wake. Tukaufunga raundi saba na kubana kwa waya.

Jamani. Nilipokanyaga mafuta kwenye barabara ya kwenda Mugumu, kichwa changu kilibaki nyuma, mwili ukatangulia. Jioni nilimwambia baba mkubwa: wamefika wote. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akataka kujua wanalala wapi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima. Lakini 220 ilianza kuonekana ndogo. Kijana mmoja wa upande wa Sirari, mwenye kofia iliyogeuzwa na kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, akaniambia ni suala la kuongeza presha ya turbo tu, atanifikisha 280. Hakuna kipimo cha nguvu za gari popote wilayani kwetu, kwa hiyo hizo 280 zilithibitishwa na yeye mwenyewe kwa kusikiliza bomba la moshi. Alichosahau, nami nikajifanya nimesahau, ni kibandiko cha Kijapani kwenye kifuniko cha tangi kinachodai petroli ya okteni ya juu, ambayo kwao Japani hufika 100. Mimi nilikuwa nimenunua ya kwenye chupa za maji, kandokando ya barabara, iliyokaa juani tangu asubuhi. Petroli dhaifu ikibanwa sana na hewa ya moto hailipuki kwa wakati wake, hulipuka ikijisikia. Injini ikaanza kugonga kama mtu anayepepeta njugu kwenye bati. Fundi aliisikia kutoka nyumbani kwake, akaja bila viatu, akazima gari mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "ikinoki hii, mimi nahama."

Tukarudi 220. Yule kijana wa kofia hapokei simu, nami sikumpigia mara nyingi.

Kilichobaki kwenye mradi wake ni kifaa kimoja kidogo, taima ya turbo. Ukichomoa ufunguo, injini inaendelea kunguruma dakika tatu peke yake ili turbo lipoe na oili izunguke, halafu inajizima. Ni kitu chenye maana nzuri. Hakina maana hata kidogo msibani. Nilifika mzee mmoja akizikwa, nikaegesha nyuma ya umati, nikachomoa ufunguo, nikafunga milango, nikaenda kusimama na wanaume. Mchungaji akaomba kimya. Katika kimya kile Subaru ilikuwa inanguruma peke yake, bila mtu, milango imefungwa. Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja. Jamaa akaninong'oneza, "Mura, umeacha gari linawaka." Nikamwonyesha ufunguo mkononi. Akautazama ufunguo, akalitazama gari, akahama nafasi. Mchungaji aliposema "Amina," likajizima.

Tangu hapo nikienda misibani naegesha mbali sana, na hata hivyo wapo wanaopita upande wa pili wa njia.

Mwezi wa nne mvua zikashika. Nilikuwa nikijisifu kwamba gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne, na ni kweli. Kwenye udongo mweusi wa mbugani gari la kawaida huzama nyuma tu. Langu lilizama kote kwa usawa, likatua kwa tumbo kama mamba anayeota jua. Land Cruiser ya watalii iliyokuwa inaelekea Ikoma ikapita kandokando yangu kama haijui kuna matope. Ndani yake, na hili linauma, ni injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, farasi 130 hivi. Haina haraka na haina taima.

Baba mkubwa alikuja mwenyewe na maksai wanne, wawili wanaitwa Diwani na Mtendaji. Alifunga mnyororo polepole sana. Alitaka watu wafike. Walipofika wa kutosha, akaniita kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto: "Mwalimu! Hawa wanne, ulisema ni farasi wangapi?"

"Hawafiki wanne, baba."

"Na mle ndani?"

"Mia mbili na ishirini."

"Haya, waambie wakae kimya, wenye kazi wanaanza." Akapiga mluzi. Gari likatoka kama jino bovu.

Sasa ni mwaka wa pili, na ndilo gari langu la kila siku. Maana yake, hapa kwetu, ni kwamba ni la kila mtu kila siku: mahindi kwenda mashineni, spika za kwaya, mama mjamzito usiku, mbuzi wa mahari aliyekula mkanda wa siti ya nyuma. Linakunywa lita moja kwa kilomita saba, nane nikiteremka. Nguvu zake zote nimewahi kuzitumia mara tatu, na moja kati ya hizo nilikuwa nakimbia nyuki.

Mwezi uliopita taa ya injini ikaanza kuwaka, gari likawa linamisi. Nikaingia uani jioni, ng'ombe nao wanaingia. Baba mkubwa akainua mkono nizime. Nikazima, na taima, kama kawaida yake, ikaendelea. Akasikiliza dakika zote tatu, kidevu juu ya fimbo.

"Mmoja anachechemea," akasema. "Wa nyuma, kushoto."

Asubuhi fundi akaja na yule mtoto wa mandazi. Wakatoa plagi ya kwanza: kavu, safi. Ya tatu: safi. Ya pili: safi. Ya nne, ile ya nyuma kabisa upande wa kushoto, ilitoka imeoga oili hadi shingoni. Fundi aliishika kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaenda kumwamkia baba mkubwa kwa mikono miwili.

"Kuna nini cha kushangaa?" baba mkubwa akamwambia. "Mfungieni mpira mpya, apumzike siku mbili. Alhamisi mtanipeleka mnadani."

Mpira ulichelewa kufika kutoka Mwanza. Alhamisi tulimpeleka kwa mchomoko.