Waheshimiwa, Pandeni Mizanini

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Kiwanda Chetu cha Chai,

Jina la kiwanda silitaji. Mkijiona humu, basi ni nyinyi. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Mombasa, maana tulipowatafuta ofisini tuliambiwa mko semina siku ya tatu, mkijadili namna ya kupunguza gharama.

Bonasi nimeipata. Kongoi, yaani asante. Ujumbe ulipoingia kwenye simu nilidhani kuna mtu amekosea namba, nikakaa nikingoja apige aombe nimrudishie.

Sababu mlizotoa tunazijua kama Baba Yetu: soko la dunia, dola, Pakistan, mvua imezidi, mvua imepungua. Wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wakilipwa zaidi yetu, mnasema majani yao ni bora. Wakulima wa Kericho na Bomet walipoingia barabarani mwaka 2025 kudai bonasi, mkasema wamechochewa. Sawa. Ila sijawahi kusikia posho ya kikao imeshuka kwa sababu watu wa Karachi hawakunywa chai.

Ndiyo maana sikuja na malalamiko, nimekuja na ombi: nanyi mlipwe kama sisi.

Kikao kijacho kifanyike kwenye kituo chetu cha kupokelea majani, chini ya lile bati linalovuja. Kila mkurugenzi aje na maneno yake kwenye gunia, ayamwage mezani, karani ayachambue. Tunapokea majani mawili na chipukizi, basi. “Kwa kuzingatia hali ya sekta kwa ujumla” ni jani gumu hilo, linatupwa, na mwenyewe anasimama kuchambua gunia zima upya huku foleni ikimtazama, kama alivyofanyiwa mama yangu Julai iliyopita, kwenye ile baridi. Kitakachobaki kitundikwe kwenye mizani. Hapo mtatuvumilia, wazee wetu, kwa sababu lazima tukate kilo moja ya gunia na kilo moja ya maji. Maneno ya mkurugenzi huwa na maji mengi. Mkisema gunia lenyewe halifiki hata nusu kilo, karani atawajibu kwamba amri imetoka juu. Juu wapi? Juu.

Kisha mngoje lori. Likifika saa tatu usiku maneno yameshashika moto guniani na kuwa mekundu, dereva akatae kuyapakia, myabebe kurudi nayo nyumbani. Yakipakiwa, mtapata shilingi chache za mwisho wa mwezi. Humo ikatwe mbolea, ukatwe mkopo, na salio mlisubiri Oktoba. Kiwango chenyewe mtakisikia redioni mkiwa mnakamua ng'ombe. Mkiuliza, tutawaeleza kwa upole kwamba bei ya maneno duniani imeanguka.

Mengine ni madogo. Wageni wakija ofisini wapewe chai yetu, si kahawa. Uingereza, tangu 2019, sheria inazitaka kampuni kubwa za soko la hisa zitangaze mshahara wa mkuu wao ni mara ngapi ya ule wa mfanyakazi. Nasi mtuchapie posho zenu kwenye risiti ya bonasi, hata kwa herufi ndogo. Na kwa kuwa mashine za kuchuma zilipochomwa Kericho Mei 2023 tuliambiwa teknolojia haizuiliki, bodi nayo inunuliwe mashine moja ya kutikisa kichwa. Haiombi malazi.

Lakini narudi kwenye ile kilo ya maji, kwa sababu Januari, vumbi likiwa limefunika hadi ndimi za mbuzi, bado mliikata. Mimi hupeleka majani mara kumi kwa mwezi. Kilo mbili kila mara, ya maji na ya gunia, kwa mwaka ni 240. Kituoni tuko 150. Wote tukipeleka hivyo, ni kilo 36,000. Kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa moja ya chai kavu. Hapo pana hadi kilo 8,000 za chai ambayo kwenye vitabu vyenu haikuchumwa na mtu, ikashuka Mombasa na kuuzwa kwa dola. Chai yatima, nani huenda kuichukulia pesa zake?

Mama ana miaka sabini na mmoja. Vidole vyake vimepasuka, na weusi wa majani ulioingia kwenye mipasuko hautoki hata kwa sabuni ya kufulia. Kilo mbili kwake ni nusu saa ya kuinama, na kuinuka kwenyewe siku hizi ni mpaka ashike mche. Hiyo nusu saa haikuliwa na Pakistan. Mmeila nyinyi, mmeifanya mafuta ya gari la kuwapeleka kikaoni, mkaiita maji.

Samahani, wazee. Kalamu imeteleza, ni haya maji.

Mwaka 1964, ilipoundwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, baba aliambiwa amekombolewa. Mwaka 2000 mamlaka ikabinafsishwa, tukaambiwa viwanda ni vyetu, tumekombolewa. Ikaja Sheria ya Chai ya 2020, ukombozi tena. Mtu aliyekombolewa mara tatu hapaswi kuandika barua kama hii. Tena cheti cha hisa ninacho, kiko chini ya godoro. Kwa karatasi, mimi ndimi niliyewaajiri. Ndipo nikaona niwaombe kwa heshima, nimepiga magoti, kama ilivyo desturi ya tajiri kwa mfanyakazi wake.

Wenu mtiifu,
Mwenye kiwanda

Tanbihi: Barua hii ina kurasa tatu na nimeikabidhi kituoni iletwe na lori. Zikiwafikia mbili, msishangae. Karani amekata ya bahasha.