Barua Kutoka Columbus: Kinyozi Anapojinyoa

Wazee, ndugu na majirani wa Kiwangwa wanaarifiwa, baada ya salamu nyingi na kuulizwa hali ya mananasi, kwamba katika nchi ya Marekani mtu mwenye shahada mbili na tai shingoni hulazimika, mara kwa mara, kulala chali uani kwake na kuwa fundi makenika wa gari lake mwenyewe, si kwa kupenda ufundi bali kwa kuogopa hesabu. Barua hii inaeleza jinsi mhamiaji wa Columbus, jimboni Ohio, anavyobadilisha diski za breki za mbele nyumbani, na kwa nini jambo hilo, ambalo Kiwangwa ni kazi ya fundi na vijana wake, ughaibuni limekuwa mtihani wa mtu mmoja.

Diski ya breki ni bamba la mviringo la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, yaani kibanio kinacholikumbatia bamba hilo, na pistoni huzikaza pedi mbili dhidi ya diski mpaka mwendo wa gari ugeuke joto. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha hataza ya breki za namna hiyo mwaka 1902, lakini sifa za breki hizo zilienea hasa baada ya gari la Jaguar lililofungwa nazo kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Diski za mbele huchakaa upesi kuliko za nyuma kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi huelemea mbele, jambo ambalo abiria yeyote aliyewahi kusimama ndani ya daladala ya Bagamoyo hahitaji kuthibitishiwa na mwanafizikia.

Adui mkubwa wa diski za Ohio ni chumvi. Watu wa pwani, wanaoyajua mashamba ya chumvi na kuona mabati yanavyoliwa na upepo wa bahari, watadhani wanataniwa wakiambiwa kwamba huko, mamia ya kilomita kutoka baharini, serikali hununua chumvi kwa fedha za walipa kodi na kuimwaga barabarani kila majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Barafu huyeyuka kweli, lakini maji yake ya chumvi huingia chini ya magari, na kufikia masika diski hushikamana na habu, kile kitovu cha gurudumu, kama kupe na ngozi ya ng'ombe.

Ndipo hesabu inapoingia. Gereji nyingi za Marekani hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi ya fundi, ilhali diski mpya ya gari dogo mara nyingi hupatikana kwa bei iliyo chini ya saa hiyo. Nyumbani Tanzania mambo ni kinyume: chuma ndicho ghali, kinafuatwa Ilala au Kariakoo na kupigiwa bei mpaka jua lizame, lakini mkono wa fundi huonekana rahisi kiasi kwamba mteja huona aibu kuondoka bila kuupunguzia bei kidogo. Kwa sababu hiyo Tanzania diski iliyopinda hupelekwa kuchongwa, na Marekani hutupwa.

Kazi yenyewe huanza kwa kulegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kisha kupiga jeki na kuliegemeza gari juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiki na tofali ni njia ya mkato ya kwenda makaburini. Kalipa ikishafunguliwa haiachwi ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, bali hufungwa juu kwa waya, na waya unaopatikana haraka ni ule uliokuwa umebeba koti la harusi kabatini. Fundi anayefundisha kazi hii kwenye video, ambaye gari lake halijawahi kuonja chumvi, huitoa diski kwa vidole viwili huku akitabasamu. Mhamiaji huigonga kwa nyundo mpaka mbwa wa mtaa waanze kumjibu. Wokovu umo katika matundu mawili madogo yenye hesi ambayo watengenezaji wengi huyaacha usoni mwa diski: bolti mbili huingizwa humo na kukazwa kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, mpaka mlio mkali usikike na kutu iachie.

Kinachokosekana katika zoezi hili ni watazamaji. Kiwangwa gari likifunguliwa tairi, kijiwe kizima huhamia pale, na kila mmoja, hata asiyemiliki baiskeli, hutoa ushauri. Columbus jirani hupita na mbwa wake, huuliza hali, na hutoweka kabla hajajibiwa. Anayebaki kuwa karibu ni ndugu aliyeko kwenye simu, anayepiga wakati mikono imejaa grisi, akiulizia ada ya shule.

Diski mpya hufutwa mafuta yake ya kiwandani, pistoni hurudishwa ndani taratibu, nati hukazwa kwa kipimo, na kabla gari halijasogea pedeli ya breki hupampiwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa maana pistoni iliyorudishwa huacha nafasi, na pedeli ya kwanza huzama hadi sakafuni. Anayesahau hatua hiyo hukumbushwa na ukuta wa jirani.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wahamiaji wamethibitisha kwamba akijinyoa humaliza siku nzima na kubaki na majeraha. Kwa hiyo fundi wa Kiwangwa akitaja ujira wake, alipwe kamili bila kupunguziwa, na anayeendesha gari ambalo usukani wake hutetemeka likifunga breki amwone wiki hii, kabla ya safari ya Msata.